Kumtunza kinyonga Nakuru: kizimba kwanza, mnyama baadaye

Kinyonga wangu wa kwanza alikufa dirishani, Jumamosi saa saba mchana, nikiwa kidato cha pili pale Njoro. Nilikuwa nimemtoa kwenye ua wa kayaba nyuma ya jiko, nikamtia ndani ya tangi la kioo lililobaki baada ya samaki wa kaka yangu kuisha, nikamwekea kijiti kimoja na kifuniko cha chupa chenye maji, kisha nikalisogeza tangi dirishani ili mgeni wangu aote jua. Niliporudi kutoka kusaga mahindi nilimkuta amekuwa mweusi ubavu mzima, mdomo wazi, vidole bado vimekikamata kijiti. Kioo kilikuwa cha moto, hakishikiki.

Karibu kila kosa linalowezekana nililimaliza ndani ya siku mbili: kioo badala ya wavu, jua lisilo na kivuli, maji ambayo kinyonga hayaoni, kijiti kimoja bila jani la kujifichia. Na moja zaidi ambalo hata halikunipitia akilini: sikuwa na ruhusa ya kumtoa kwenye ule ua.

Sasa ninafuga kwa kibali, na nimejenga vizimba vinne, viwili vyangu na viwili vya marafiki. Haya ndiyo ninayomwambia yeyote anayekuja kuniuliza.

Hatua ya kwanza: kibali

Kinyonga wa Kenya ni mnyamapori hata akiwa amelala juu ya kamba yako ya kuanikia nguo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyamapori bila kibali, na kibali kinapitia KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Ukiwa Nakuru, anzia ofisi yao ya hifadhi ya Ziwa Nakuru. Ukiwa Kisumu, anzia pale kwenye hifadhi ndogo ya Impala. Waulize unaruhusiwa spishi gani, utampata kwa mfugaji gani mwenye leseni, na kizimba chako kitakaguliwaje. Usinunue kinyonga kutoka kwa kijana aliyemtia kwenye mfuko wa karatasi kando ya barabara. Utakuwa umevunja sheria, na kesho yake huyo kijana atarudi kichakani kutafuta wengine.

Kuwapeleka vinyonga nje ya nchi ndiyo usiwaze kabisa. Karibu vinyonga wote wa dunia wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walisafirishwa hadi Hawaii, wakafika wamekonda. Mwenye duka akawaachilia bustanini ili wapate nguvu. Walipata nguvu kweli, wakatawanyika, na mpaka leo wanazaana huko wakila konokono na wadudu wa visiwa ambavyo havikuwahi kuwa na kinyonga.

Hatua ya pili: jua mwinuko wako

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko karibu mita 1,130. Kwa binadamu hiyo ni tofauti ya kuvaa sweta na kutovaa. Kwa kinyonga inaweza kuwa tofauti ya kuishi na kufa.

Vinyonga wa nyanda za juu, kama yule wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, na yule mwenye kofia kichwani na magamba kama ndevu kidevuni, Trioceros hoehnelii, wanataka usiku wa baridi. Nyuzi 10 au 12 usiku haziwasumbui, ndizo zinazowapumzisha. Nakuru, Molo, Eldoret na Kitale wanakuwa kwao. Ukimpeleka Kisumu, ambako mchana unagonga nyuzi 30 na usiku haushuki sana, atakuwa anachoka kidogo kidogo hadi siku utakapomkuta chini ya kizimba. Kwa joto la ziwani afadhali Chamaeleo gracilis au Chamaeleo dilepis, yule mwenye mikunjo ya ngozi nyuma ya kichwa kama masikio.

Kuna tofauti nyingine itakayokugusa baadaye. Wale wa nyanda za juu niliowataja huzaa watoto hai. Hao wawili wa joto hutaga mayai. Ukimchukua jike anayetaga, lazima umpe mahali pa kuchimba, nami nitalirudia hilo mbele.

Na chukua mmoja. Nasema mmoja kwa kila kizimba, tena vizimba visivyotazamana. Kinyonga hana habari ya kuhitaji mwenzake. Akimwona mwingine kutwa nzima huvimba, hubadilika rangi, huacha kula. Watu humwonea huruma kinyonga wangu: “Haoni upweke?” Haoni.

Hatua ya tatu: kizimba

Hapa ndipo pesa yako na akili yako ziende. Wazo la kushika ni kwamba unajenga mti uliozungushiwa wavu. Ukianza na sanduku halafu ukatafuta mti wa kutia ndani, utakosea vipimo, utakosea hewa, utakosea kila kitu.

Vipimo. Kwa kinyonga mdogo kama hoehnelii, yule mwenye kofia, sentimita 45 kwa 45, kimo sentimita 90, ndicho kiasi cha chini. Kwa yule wa pembe tatu au dilepis, 60 kwa 60, kimo 120. Kimo ndicho muhimu, maana usalama wake uko juu.

Fremu. Mwambie fundi mbao za tubaitu, zilizokauka. Mbao mbichi hupinda na mlango ukakataa kufunga kabla mwezi haujaisha. Usipake rangi wala dawa ya mchwa upande wa ndani. Ukitaka zidumu, inua kizimba kwenye miguu, kiepukane na udongo.

Wavu. Mimi hutumia ule wa kuanikia kahawa, wa matundu madogo, kwa sababu panya hawautoboi na nyenje wakubwa hawatoroki. Lakini sikiliza kisa. Fundi wangu wa kwanza alipigilia wavu kwa ndani ya fremu, akaukata kwa mkasi wa bati, akaacha ncha zote zimetokeza. Kwa macho kizimba kilipendeza. Wiki ya pili nikaona kinyonga anainua mguu wa mbele kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Tangu hapo wavu unapigiliwa kwa nje, ncha zinafunikwa kwa vipande vyembamba vya mbao, na kabla sijalipa ninapitisha kiganja changu ndani pande zote nne. Kikikwaruzwa, fundi anarudia.

Paa nalo ni wavu. Funika nusu yake kwa bati au makuti, nusu nyingine iache wazi ipate jua na mvua. Pande zote zipitishe hewa. Ukiogopa upepo wa Lanet wa mwezi wa pili, ziba upande mmoja tu kwa mkeka. Mlango uwe mkubwa kiasi cha kuingiza chungu cha maua, na komeo liwe la kupinda. Paka wa jirani hufungua ndoano.

Sakafu iache tupu, ya mbao iliyotobolewa matundu ya kutolea maji. Usimwage maranda. Ulimi wa kinyonga unaweza kurefuka kupita mwili wake, una ute unaonata, na ukipiga nyenje aliye sakafuni hurudi na chochote kilicho karibu. Maranda yakiingia tumboni ni shida, yakilowa ni ukungu.

Sasa siafu. Mtu wa Kakamega au Vihiga hahitaji kuelezwa, ila wa mjini huenda akasahau. Mwaka mmoja mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekolea, nilisikia usiku mchakacho mdogo kama karatasi inayokunjwa. Nilitoka na tochi nikakuta mstari wa siafu umetoka kwenye migomba, umepanda mguu mmoja wa kizimba, wa mbele wameshafika tawi la chini. Kinyonga alikuwa amejibana kwenye kona ya juu kabisa, ameng'aa weupe kwenye mwanga. Nilifungua mlango, nikakata tawi zima alilolishika, nikaingia naye nyumbani. Kinyonga aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Siafu humla akiwa hai.

Kesho yake nilisimamisha kila mguu ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nikajaza maji na oili chafu ya gari juu yake. Kagua kila wiki, kwa sababu mvua hujaza mkebe na kumwaga oili nje. Na fyeka pembeni. Jani moja la nyasi linaloegemea kizimba ni daraja.

Mahali pa kukiweka: upande unaopata jua la asubuhi na kivuli baada ya saa sita, chini ya mparachichi kwa mfano. Mbali na moshi wa jiko, mbali na banda la kuku. Kiinue hadi tawi lake analolipenda liwe juu ya macho yako. Adui zake wengi hushuka kutoka juu, na ukimsogelea umemwinamia yeye anaona ndege mkubwa.

Hatua ya nne: matawi na majani

Tazama mguu wa kinyonga kwa karibu ndipo ukate matawi. Vidole vimeungana makundi mawili, kama koleo: mguu wa mbele una viwili nje na vitatu ndani, wa nyuma ni kinyume chake. Koleo hilo linataka kitu cha kufumbatwa. Kwa hiyo matawi yawe ya unene tofauti, kuanzia wa penseli hadi wa kidole gumba, na mengi yalale kama reli, moja likikutana na lingine, apite kizimba kizima bila kukanyaga sakafu. Mpera una matawi mazuri: magumu, yana magome laini yanayoshikika. Tawi la kuotea jua liishie kama sentimita 20 chini ya wavu wa paa.

Mimea iwe hai, kwenye vyungu. Haibiskasi ndio chaguo langu. Hustahimili, majani yake hubeba matone vizuri, na ukiikata inachipua. Mkuyu mdogo wa mapambo unafaa, na ule mmea wa kutambaa ambao kila sebule ya Kenya huuita “moni planti”. Pasheni hukua haraka mno. Ukizubaa itafunga mlango. Mimea ya vitalu vya kando ya barabara huwa imepulizwa dawa, basi iache nje inyeshewe mwezi mmoja, na majani uyaoshe. Maua na matawi yaliyotupwa na mashamba ya waridi usiyaingize hata siku moja.

Kipimo changu ni hiki: simama hatua tatu kutoka kizimbani. Kama unamwona kinyonga kila unapotazama, majani hayajatosha.

Kizimba kikikamilika, kiache kitupu wiki mbili. Ndiyo, kitupu. Tundika kipimajoto kwenye tawi la kuotea jua na kingine chini penye kivuli, usome alfajiri, saa saba mchana na kabla ya kulala. Kwa vinyonga wa nyanda za juu tawi la jua likifika nyuzi 27 hadi 29 panatosha. Likipita 30 na kukaa hapo, ongeza kivuli. Wiki mbili hizo zitakuonyesha pia kama panya wanapita, kama maji yanatuama, na kama majirani zako wana watoto wa kurusha mawe.

Hatua ya tano: maji

Kinyonga hunywa matone. Bakuli la maji yaliyotulia kwake ni kama halipo. Jicho lake linataka kitu kinachometa na kusogea kwenye jani. Niende zangu dukani kununua mashine ya mvua? Hapana. Kanunue chemisti mpira wa dripu, ule wa hospitali wenye kigurudumu cha kupunguza mwendo. Kata chupa ya soda ya lita mbili, uigeuze, uchomeke mpira kwenye kifuniko, uitundike juu ya paa. Punguza hadi tone moja kwa sekunde, lidondokee jani pana, kwa saa moja au mbili asubuhi. Chini weka beseni nje ya kizimba, lipokee yanayopita kwenye matundu ya sakafu.

Pamoja na hilo, mnyunyizie majani alfajiri na jioni kwa chupa kama ya kinyozi, dakika mbili tatu mfululizo, maana huchukua muda kuamua kunywa. Usimlenge usoni. Utamwona anasimama, anageuza jicho moja kwenye tone huku jingine likikutazama wewe, halafu ulimi unatoka taratibu kama wa mtoto anayeramba asali. Kati ya nyunyizo mbili majani yakauke. Unyevu usiokauka humletea ugonjwa wa mapafu.

Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Meno yetu ya kahawia ni ushahidi. Mimi hukinga ya mvua kwenye pipa lenye kifuniko na hayo ndiyo ya kinyonga. Pia hayaachi madoa meupe kwenye majani.

Hatua ya sita: jua na rangi zake

Mwenzetu wa Ulaya hununua taa ya kutoa miale ya UVB na kuibadilisha kila baada ya miezi michache. Sisi tunayo bure. Miale hiyo ndiyo humwezesha kutengeneza vitamini D3, na bila D3 mwili hautumii kalisi hata ukimlisha gunia. Kumbuka tu kwamba kioo huizuia, kwa hiyo kizimba kilichowekwa nyuma ya dirisha kinapata joto bila faida. Kama ni lazima akae ndani ya nyumba, hapo taa haikwepeki.

Asubuhi utamwona mweusi, amejibana ubavu na kuuelekeza kwenye jua. Usishtuke, anachota joto. Akishapata la kutosha hurudi kijani, na usiku akilala huwa mweupe-mweupe. Ile imani kwamba hugeuka rangi ya kila anachokikalia haina ukweli. Mwekee kitambaa chekundu uone. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha mwaka 2015, kwa kinyonga wa Madagaska, kwamba ngozi ina chembe ndogo mno za fuwele na mnyama hubadilisha nafasi kati yake, hivyo mwanga unaorudi hubadilika. Rangi husema hali yake: hasira, baridi, hofu, mapenzi. Ukimsoma rangi kila siku utajua mapema kuliko kipimajoto.

Julai Nakuru hupiga baridi. Usimwingizie jiko la makaa. Tupia gunia upande wa upepo jioni, ulitoe jua likichomoza.

Hatua ya saba: chakula

Nyenje ndio ugali wake. Panzi, mende waliofugwa na mabuu ya nzi weusi wanaouzwa kwa wafugaji wa kuku ni mboga. Mende wa jikoni kwako usimpe, huenda alikula dawa kwa jirani kabla ya kufika. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua mpe wachache bila mabawa, iwe sikukuu.

Kwa bahati magharibi mwa Kenya kuna watu wanaojua nyenje. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kimekuwa kikitafiti na kufundisha ufugaji wa nyenje kwa chakula cha watu, na baadhi ya wakulima wanawafuga. Ukipata mbegu, anza na ndoo mbili zenye mfuniko wa wavu, trei za mayai za kujifichia, na kikopo cha udongo wenye unyevu wa kutagia. Ndoo moja ya kula, nyingine ya kuzaliana. Kelele zao usiku mke wangu alizizoea baada ya mwezi, mimi bado.

Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho ya kinyonga. Mtu mzima apewe watatu hadi watano, siku moja baada ya nyingine. Mtoto ale kila siku. Kinyonga mnene si mwenye afya, na wale wa nyanda za juu hunenepa upesi.

Anachokula nyenje ndicho atakachokula kinyonga. Siku mbili kabla ya kumlisha, wape nyenje sukuma wiki, karoti, majani ya viazi vitamu. Kisha watie kwenye mfuko wenye unga wa kalisi, utikise, watoke weupe kama waliotoka kinu cha unga. Unga huo unaweza kuutengeneza: chemsha maganda ya mayai, yakaushe, yasage hadi yawe laini kama poda ya mtoto. Ule mchanganyiko wa madini wa ng'ombe wa dukani usitumie, una fosforasi nyingi. Vitamini za duka mara mbili kwa mwezi zinatosha. Anayeota jua nje hahitaji D3 ya kopo, na kwa vinyonga wa milimani vitamini nyingi huvimbisha mwili.

Kumshika

Kwa ufupi: usimshike. Kinyonga ni wa kutazamwa. Inapobidi kumhamisha, weka mkono mbele na chini yake kidogo, mguse mkia, apande mwenyewe. Usimng'oe kwenye tawi. Vidole vyake havijui kuachia kwa haraka na huvunjika. Hana sumu. Akiuma atakubana tu. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, kwani wanyama watambaao hubeba salmonela.

Dalili za kutopuuza

Kinyonga huficha ugonjwa hadi mwisho. Macho yaliyofumba mchana ni dharura, si usingizi. Macho yaliyozama yanadai maji. Kinyesi chake kina sehemu nyeupe. Ikigeuka rangi ya machungwa, ongeza muda wa dripu. Miguu iliyopinda kama upinde, taya laini, au kujikokota badala ya kusimama juu ya tawi ni upungufu wa kalisi, na mifupa ikishapinda hainyooki tena. Mdomo wazi wakati hakuna joto, povu au mlio wa kukoroma ni mapafu. Hapo dawa ya kienyeji itakupotezea siku alizobaki nazo. Madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe na kuku, basi tafuta mmoja wa kukubali watambaao kabla hujahitaji.

Jike anayetaga akianza kuzunguka sakafuni na kukwaruza, anatafuta shimo. Mpe chungu kipana chenye mchanga uliolowa kidogo, kina cha sentimita 25 au zaidi, unaoshikana ukiufinya. Akikosa, mayai yanaweza kumkwamia tumboni na kumwua. Jike wa pembe tatu hubeba mimba miezi sita au zaidi, na siku ya siku anaweza kuangusha watoto kumi, ishirini, kila mmoja kwenye utando wake unaonata kwenye jani. Waondoe mara moja, uwatenge kwa makundi madogo, uwafuge kwa vinzi wa ndizi mbivu. Na uwaambie KWS, maana kibali chako kilitaja mmoja.

Ukikosa kibali, au subira

Panda ua. Sisemi kwa dhihaka. Baadhi ya vinyonga ninaowafurahia zaidi hawamo kizimbani. Haibiskasi, kayaba na pasheni zilizoachwa zikafungamana kando ya uzio, bila dawa ya kuua wadudu, huleta wadudu, na wadudu huleta kinyonga. Usiku pita na tochi: anayelala hung'aa weupe kati ya majani, utawahesabu. Ukimkuta akivuka barabara, mvushe upande aliokuwa akielekea, umwache kwenye kichaka.

Ukisafiri

Siku mbili tatu atavumilia njaa, kiu hapana. Mtu wa kumnyunyizia maji ni lazima, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu nusu ya mtaa inamwogopa. Jirani yangu ni mama wa Vihiga. Siku ya kwanza alipoona kizimba alisimama mbali akaniambia, “Mwanangu, huyo ndiye alitulaani tufe.” Waluhya husimulia kwamba kinyonga alimwomba binadamu chakula akanyimwa, akamlaani afe, nyoka akampa, naye akabarikiwa kujivua ngozi na kuendelea kuishi.

“Sasa, Mama,” nikamwambia, “huyu mimi simnyimi.”

Desemba nilipokwenda nyumbani kwa mama mkwe Busia nilimwachia ufunguo. Alikataa kufungua mlango, lakini alikubali maji. Binti yake alinirekodia video: Mama amesimama umbali wa urefu wa fagio, uso ameugeuzia banda la kuku, mkono mmoja umenyooka na chupa ya kinyozi, anapuliza kupitia wavu huku akihesabu kwa sauti hadi mia moja na ishirini.